Ajali Haina Kinga? Historia ya Breki za Pikipiki na Deni Letu kwa Abiria



Ipo methali isiyokosekana penye msiba wa barabarani: ajali haina kinga. Pikipiki imelala ubavuni, watu wameizunguka, majeruhi amekwisha kukimbizwa hospitalini, na mzee mmoja hutikisa kichwa na kuitamka. Maneno hayo yana kazi yake. Humfariji mfiwa na kumpunguzia mzigo wa kujilaumu. Lakini faraja ya matangani ikifanywa kuwa mwongozo wa kuendesha nchi, huzidisha matanga yenyewe.

Katika makala haya nakusudia kukusimulia historia ya kifaa kidogo ambacho abiria wengi hatukitazami kamwe: breki ya pikipiki. Nataka uone kwamba ajali nyingi zina kinga, kwamba kinga hiyo imejulikana kwa miaka mingi, na kwamba kila mara ilipochelewa kumfikia mpanda pikipiki, uamuzi wa watu ndio ulioichelewesha.

Mwendo ulitangulia, breki zikafuata

Mwaka 1885 Wajerumani wawili, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, walifunga injini ya petroli katika fremu ya mbao. Chombo hicho ndicho kinachohesabiwa na wengi kuwa pikipiki ya kwanza ya petroli. Miaka tisa baadaye, yaani 1894, kampuni ya Hildebrand & Wolfmüller ya mjini Munich ilianza kuunda pikipiki kwa wingi ili kuziuza. Pikipiki hiyo iliweza kukimbia takriban kilomita 45 kwa saa, na breki yake ya mbele ilikuwa bamba la chuma lililoshuka na kukandamiza tairi kutoka juu. Fikiri, msomaji, hali ya bamba hilo siku ya mvua, tairi likiwa limelowa na barabara ikiwa na tope.

Breki za ngoma, ambazo mafundi wetu huziita pia dramu, zilikuja baadaye. Mfaransa Louis Renault hutajwa kuwa ndiye aliyezipa umbo lake mwaka 1902 kwa ajili ya magari. Ndani ya kitovu cha gurudumu huwekwa vipande viwili vyenye umbo la mwezi mchanga, vilivyofunikwa kwa utando mgumu. Dereva anapokanyaga pedali au kuvuta mkono wa breki, vipande hivyo hutanuka na kusugua ukuta wa ngoma, na gurudumu hupunguza mwendo. Mpango huu ndio uliomo katika pikipiki nyingi zinazotubeba hadi leo.

Mwaka huohuo wa 1902, Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya diski, yaani sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu na kubanwa na pedi kutoka pande zote mbili. Breki ya aina hii hupoa upesi na hujikausha kwa urahisi inapolowa. Hata hivyo, ilibidi kusubiri hadi 1969 ndipo kampuni ya Honda ya Japani ilipotoa pikipiki ya CB750, ya kwanza kuundwa kwa wingi ikiwa na breki ya diski ya mafuta katika gurudumu la mbele. Kati ya hataza ile na pikipiki ile ilipita miaka 67. Katika muda huo injini zilikuwa zimekwisha kupata nguvu maradufu kwa maradufu, na mwendo ukaongezeka kila muongo.

Jaribio la mwaka 1958

Hapa ndipo historia yetu inapofikia kiini chake. Breki kali ina hatari yake. Dereva aliyeshtuka huibana kwa nguvu zote. Gurudumu huacha kuzunguka na kuanza kuteleza kama kiatu juu ya ganda la ndizi. Gari lenye magurudumu manne likiteleza hubaki limesimama juu ya magurudumu yake. Pikipiki haina bahati hiyo. Usawa wake hutegemea gurudumu linalozunguka, na gurudumu la mbele likijifunga, dereva na abiria wake huwa chini kabla hawajatambua kilichotokea.

Wahandisi wa ndege walikutana na tatizo hilohilo wakati ndege zinapotua katika njia zilizolowa. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Dunlop ya Uingereza iliunda kifaa kilichoitwa Maxaret, ambacho kilitambua gurudumu lililokaribia kujifunga na kulilegezea breki kwa nukta ya muda, kisha kuikaza tena. Mwaka 1958 maabara ya serikali ya Uingereza ya utafiti wa barabara ilikifunga kifaa hicho katika pikipiki aina ya Royal Enfield Super Meteor na kuifanyia majaribio. Matokeo yalikuwa mazuri: pikipiki ilisimama katika umbali mfupi zaidi, hasa katika barabara zenye maji na utelezi, tena bila kuanguka.

Ungetarajia, msomaji, kwamba viwanda vingelikimbilia jambo hilo. Havikufanya hivyo. Mkuu wa ufundi wa kampuni iliyounda pikipiki ile hakuona mustakabali wa maana kwa kifaa hicho, na hakikupelekwa kiwandani. Maarifa yakawekwa kabatini.

Ilipita miaka 30. Mwaka 1988 kampuni ya BMW ya Ujerumani ilianza kuuza pikipiki ya K100 yenye mfumo wa elektroniki wa kuzuia magurudumu kujifunga, mfumo tunaoujua leo kwa herufi ABS. Magari madogo yalikuwa yameupata mfumo wa namna hiyo miaka kumi kabla, mwaka 1978, kupitia kazi ya kampuni ya Bosch na Mercedes-Benz. Mfumo wa pikipiki ya BMW ulikuwa na uzito wa takriban kilo 11 na uliongeza bei, kwa hiyo kwa miaka mingi ulibaki kuwa pambo la pikipiki za wenye uwezo.

Sheria ilipoamua

Kilichoutoa mfumo huo katika pikipiki za matajiri ni sheria. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake ya mwaka 2013, uliagiza kwamba aina mpya za pikipiki zenye injini ya zaidi ya sentimita za ujazo 125 ziwe na ABS kuanzia Januari 1, 2016, na pikipiki zote mpya za ukubwa huo kuanzia Januari 1, 2017. Zile ndogo ziliruhusiwa kuchagua kati ya ABS na mfumo wa breki zilizounganishwa, ambao dereva akikanyaga breki moja, gurudumu la pili nalo hupunguza mwendo.

Hesabu mwenyewe: tangu jaribio la 1958 hadi 2016 ni miaka 58. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa jaribio lile alikuwa akikaribia kustaafu kazi sheria ilipofika.

India haikukawia sana baada ya Ulaya. Kuanzia Aprili 1, 2018 kwa aina mpya, na Aprili 1, 2019 kwa pikipiki zote mpya, nchi hiyo ilitaka ABS katika pikipiki zinazozidi ujazo wa 125, na angalau breki zilizounganishwa katika zile ndogo. Nakuomba ushike jambo hili la India, kwa maana linatuhusu moja kwa moja. Pikipiki nyingi zinazobeba abiria katika Afrika Mashariki huundwa na kampuni za India, kama vile Bajaj na TVS.

Kutoka mpakani Busia hadi stejini kwako

Boda boda haikuanza na injini. Ilizaliwa Busia, katika mpaka wa Uganda na Kenya, miaka ya 1960. Baina ya kituo cha upande mmoja na cha upande wa pili kulikuwa na kipande cha njia ambacho msafiri alilazimika kukitembea na mizigo yake kichwani. Vijana wenye baiskeli waliiona riziki hapo. Wakawaita wasafiri kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, nalo likageuka kuwa jina la kazi yenyewe. Baiskeli zile nzito zilikuwa na breki za fimbo za chuma zilizobana vipande vya mpira kwenye ringi, na kwa mwendo wa baiskeli zilitosha.

Katika miaka ya 1990 pikipiki zilianza kuchukua nafasi ya baiskeli katika miji ya Uganda, na baada ya mwaka 2000 zikaenea katika eneo zima. Serikali zetu zilijibu kila moja kwa njia yake. Uganda ilitunga kanuni za kuvaa helmeti mwaka 2004. Kenya iliziondolea pikipiki ndogo kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2008, zikawa rahisi kununuliwa. Tanzania ikatunga mwaka 2010 kanuni za leseni za pikipiki na bajaji zinazobeba abiria. Tukashughulikia bei, leseni na kichwa cha mpanda pikipiki, na hayo yote yalikuwa na faida yake. Breki ilibaki kuwa shauri la dereva na fundi wake chini ya mwembe.

Leo ukiingia katika duka la pikipiki, utaona kwamba nyingi kati ya zile zinazonunuliwa kwa biashara ya abiria, zenye ujazo wa kati ya 100 na 150, zina breki za ngoma na hazina ABS. Kijana anayeichukua kwa mkopo na kulipa kila wiki hatafuti breki bora. Anatafuta pikipiki isiyokula mafuta na yenye vipuri vya bei nafuu. Simlaumu. Katika nchi zilizofanikiwa, hakuna aliyemwachia kijana mwenye deni kazi ya kuamua kiwango cha usalama cha taifa.

Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023, watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka katika ajali za barabarani duniani. Zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na watumiaji wa pikipiki. Ajali hizo ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Sisi walimu tunaifahamu vizuri safu hiyo ya umri: ndio wanaoketi mbele yetu madarasani, na wengi wao hufika shuleni juu ya pikipiki.

Yanayoweza kufanywa asubuhi hii

Sheria huchukua miaka; breki hukaguliwa kwa dakika tano. Kwa hiyo, pamoja na kudai yaliyo makubwa, tuyajue yaliyo madogo.

Anza kwa mkono na mguu. Mkono wa breki ya mbele usiguse mpini unapouvuta, na pedali ya nyuma isishuke sana kabla gurudumu halijaanza kushikwa. Ikishuka, nati ya kurekebishia ikazwe kwa kipimo kilichomo katika kitabu cha pikipiki. Nati ikikazwa kupita kiasi, breki husugua muda wote, hupata moto na kulika upesi. Kisha zungusha gurudumu likiwa juu. Lizunguke bila kukwaruza. Tazama kebo ya breki ya mbele: uzi wake mmoja ukishakatika, zilizobaki zinasubiri zamu yao. Pikipiki nyingi za breki za ngoma zina mshale mdogo kando ya kitovu unaoonyesha utando ulivyolika. Mshale ukivuka alama, muda wa kubadilisha umefika. Mwisho, taa nyekundu ya nyuma iwake kwa breki zote mbili, kwa sababu aliye nyuma yako haoni mguu wako.

Kama breki ni ya diski, tazama unene wa pedi na kiasi cha mafuta ya breki katika kikopo chake. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani kadiri siku zinavyopita na kupoteza uwezo wake yanapopata moto, ndiyo maana waundaji wengi huagiza yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Yasichanganywe kamwe na mafuta ya injini. Mkono wa breki ukiwa laini kama unabonyeza sifongo, hewa imeingia ndani ya mpira wa mafuta. Pikipiki hiyo isibebe mtu hadi hewa itolewe.

Na kama pikipiki ina ABS, kama zilivyo nyingi kati ya zile kubwa zinazoagizwa kutoka nje, ipo taa ya kuisoma. Ukiwasha ufunguo, taa yenye herufi ABS huwaka. Ukianza kwenda, nayo huzimika. Hivyo ndivyo mfumo unavyokujulisha kwamba umejikagua na kujiona mzima. Taa isiyowaka kabisa ufunguo unapowashwa nayo ni ya kutiliwa shaka. Ikibaki imewaka safarini, mfumo umejiondoa kazini. Breki za kawaida kwa kawaida hubaki zikifanya kazi, lakini magurudumu yanaweza tena kujifunga, na dereva aliyezoea kubana kwa nguvu huanguka kwa mazoea hayohayo.

Sababu za hitilafu hiyo mara nyingi ni ndogo kuliko hofu yake. Karibu na kila gurudumu pana kihisi kinachohesabu meno au matundu ya ringi ndogo inayozunguka nalo. Tope na vumbi la chuma vikikifunika, hesabu huharibika. Ringi hiyo ikipinda wakati wa kubadilisha tairi, waya wake ukikatwa na kokoto, fyuzi ikiungua, au betri ikidhoofika, taa itawaka. Tairi la kipimo kisicho chake nalo huweza kuuchanganya mfumo. Fundi mwenye kifaa cha kusoma hitilafu huiona sababu upesi. Lililo baya kuliko yote ni kuikata waya taa hiyo au kuibandikia karatasi ili mnunuzi asiione. Huko ni kumfumba mlinzi macho na kisha kulala.

Tusiitarajie ABS ifanye miujiza pia. Katika barabara za vumbi na kokoto nyingi inaweza kuongeza umbali wa kusimama, na katika kona kali haibatilishi kanuni za maumbile. Wala haitengui hesabu ya mwendo. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kwa sekunde moja, na sekunde hiyo moja dereva huitumia kutambua hatari tu. Mwendo ukiongezwa maradufu, umbali unaohitajiwa na breki huongezeka mara nne. Breki bora hupewa nafasi ya kufanya kazi na dereva mwenye subira.

Wajibu wetu sisi raia

Mpendwa msomaji, uraia haukomei kwenye sanduku la kura. Abiria analo swali la kuuliza kabla ya kupanda, naye mzazi anayemlipa dereva kwa mwezi ili ampeleke mtoto shuleni analo la kuagiza. Chama cha waendesha boda boda cha steji fulani kinaweza kutenga asubuhi moja kwa wiki, wanachama wakaguane breki kama wanavyochangiana msibani. Mchango wa kwanza ungepunguza haja ya ule wa pili. Shule zinaweza kufundisha kanuni za breki katika somo la fizikia kwa kutumia pikipiki iliyoegeshwa langoni.

Kwa wawakilishi wetu, dai ni bayana. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hununua pikipiki kwa maelfu kwa maelfu. Zikikubaliana kiwango kimoja cha breki kwa kila pikipiki mpya inayoingia, hata kama kitaanza na breki zilizounganishwa kwa zile ndogo kama ilivyofanya India, viwanda vitakifuata, kwa kuwa vimekwisha kukifuata kwao. Gharama ya ziada ijadiliwe kwa uwazi: kodi gani ipunguzwe, mkopo urefushwe vipi, ili kijana wa steji asiubebe mzigo peke yake. Huo ni mjadala wa bajeti, na bajeti hujadiliwa kila mwaka.

Wazee wetu waliosema ajali haina kinga ndio waliosema pia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa miaka 58 ufa huu ulionekana, ukapimwa, na hata dawa yake ikajaribiwa, na watu wakaendelea kuupita. Sisi hatuna udhuru wa kutojua. Kesho asubuhi, kabla hujaketi nyuma ya pikipiki, mwombe dereva kwa heshima avute breki zote mbili ukitazama. Akikuuliza kwa nini, mweleze.